Simu ya Video Umeisimba, Mlango Je?

Mwaka 2021 nilitengeneza programu ya simu za video kwa ajili ya kituo kimoja cha ushauri nasaha hapa Dar es Salaam. Mgonjwa anapokea SMS yenye linki, anaibonyeza, kivinjari kinafunguka, anaonana na mshauri wake. Hakuna cha kupakua. Kwenye ukurasa wa mbele niliandika kwa herufi nene kwamba mazungumzo yote yamesimbwa, yaani yamegeuzwa kuwa fumbo ambalo wasiohusika hawawezi kulisoma, na ilikuwa kweli.

Siku moja, katikati ya mazungumzo, kikachomoza kisanduku cha tatu kwenye skrini. Kamera imezimwa, jina limeandikwa "Mgeni". Mama aliyekuwa anaeleza mambo ya ndoa yake akanyamaza. Mshauri akauliza, "Samahani, nani mwenzetu?" Kisanduku kikatoweka. Baadaye tulimjua: mgonjwa mwingine, mtu mzima, asiye na nia mbaya hata chembe. Mwanawe alimsomea linki kwa simu, naye akaandika 1047 badala ya 1074. Vyumba vyangu vilikuwa na namba zinazofuatana, na mwenye namba aliingia moja kwa moja. Yule mama hakurudi tena.

Tangu siku hiyo, kila kijana anayeniuliza aanzie wapi kwenye kazi hii namwambia hivi: usimbaji fiche utaupata bure, mlango utaujenga mwenyewe.

Bure kwa sababu WebRTC, teknolojia ya simu za video iliyomo ndani ya vivinjari vyote vikubwa, imekuja nao. Google waliinunua kampuni ya Global IP Solutions mwaka 2010, mwaka uliofuata wakaitoa teknolojia hiyo wazi kwa kila mtu, na Januari 2021 W3C, shirika la viwango vya wavuti, wakaipitisha kuwa kiwango rasmi. Kiwango hicho hakiruhusu sauti wala picha kutoka kwenye kifaa bila kusimbwa. Vifaa viwili vinakubaliana funguo kwa itifaki iitwayo DTLS, kisha kila pakiti, yaani kipande kidogo cha sauti au picha, inasafiri imesimbwa ndani ya nyingine iitwayo SRTP. Kwenye ukurasa wako hakuna swichi ya kuzima hayo. Kivinjari nacho hakifungui kamera kwenye tovuti isiyo na HTTPS, isipokuwa pale unapojaribu kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kwa hiyo usimalize wiki mbili ukibuni usimbaji wako. Wiki hizo mbili zipeleke mlangoni.

Namba ya chumba iwe ndefu na isiyotabirika: biti 128 kutoka kwenye jenereta ya usalama ya lugha unayotumia, na Math.random, namba za bahati nasibu za kawaida za JavaScript ambazo zinaweza kutabirika, isiguse jambo hili kabisa. Lakini hata namba nzuri haitoshi, kwa sababu linki husafiri. Huku kwetu simu moja inaweza kuwa ya watu watatu. SMS ya mke inasomwa na mume, linki inarushwa kwenye kundi la familia ili mwenye bando aifungue. Basi linki iwe ya kumfikisha mtu mlangoni tu. Akibonyeza anakaa kwenye chumba cha kusubiri, mshauri anaiona sura yake, anamkaribisha. Hapo ndipo seva inapotoa tokeni iliyosainiwa, yaani tiketi ya kidijitali, ya mtu huyo, ya chumba hicho, inayokufa baada ya dakika chache asipoitumia. Wawili wakishaingia, chumba kinafungwa hata kwa mwenye linki sahihi.

Na SMS yenyewe ichunge ulimi. Ujumbe wetu wa kwanza ulitaja jina la kituo na aina ya ushauri. Ujumbe huo ukisomwa na asiyehusika, siri imeshatoka kabla simu haijapigwa. Sasa tunaandika "Miadi yako ni saa 4 asubuhi", linki, basi.

Kabla vifaa viwili havijaanza kuongea vyenyewe, kuna seva inayopeleka ujumbe huku na huko kati yao. Mimi naiita mshenga. Inabeba posa upande huu, inaleta jibu kutoka upande ule, na ndoa ikishafungwa haikai ndani ya nyumba. Ila mshenga akihongwa, utaozeshwa usiyemjua. Ndani ya barua anazobeba kuna mstari unaoanza na a=fingerprint:sha-256, ukifuatiwa na msururu wa jozi za herufi na tarakimu. Hiyo ni alama ya kidole ya cheti cha upande wa pili, na kivinjari chako hakina njia nyingine ya kujua kinaongea na nani. Mtu akiishika seva yako akaweka alama yake mahali pa ile ya mgonjwa, anakaa katikati akisikia yote. Kila upande utasimba barabara kabisa, ukimsimbia yeye.

Ndiyo maana naitazama seva hii kama moyo wa programu, ingawa haigusi hata sekunde moja ya video. Iongee kwa WSS pekee, yaani muunganisho uliosimbwa. Ihifadhiwe kama unavyohifadhi seva ya fedha. Na ihakiki kila ujumbe, sio mara moja tu mtu anapoingia. Hapa nilikosea kwa mara ya pili: niliangalia tokeni wakati wa kuunganishwa, baada ya hapo nikaamini jina la chumba lililoandikwa ndani ya kila ujumbe. Rafiki yangu niliyemwomba aijaribu programu alibadilisha jina hilo kwenye kivinjari chake, akaanza kupokea barua za chumba kingine. Ilimchukua chini ya nusu saa. Chumba kisomwe kutoka kwenye tokeni iliyoko upande wa seva, na anachodai mteja kisihesabiwe. Kwa mazungumzo mazito zaidi, tengeneza tarakimu chache kutokana na alama zote mbili za vidole, zionekane kwenye skrini zote, watu wasomeane kwa sauti. Zikitofautiana, kuna mtu katikati.

Jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii ni ukurasa wenyewe. Ruhusa ya kamera kivinjari kinaipa anwani ya tovuti, hakiipi faili lako peke yake. Kwa hiyo ile skripti ya kuhesabu wageni, au kile kitufe cha kuchati na huduma kwa wateja ulichonakili kutoka mahali fulani, vina nguvu ileile iliyonayo kodi uliyoiandika wewe. Skripti hiyo ikiingiliwa huko ilikotoka, inaweza kufungua maiki ya mgonjwa wako. Ukurasa wa simu uwe na anwani yake peke yake, bila faili hata moja la mtu mwingine, na Content-Security-Policy, yaani amri unayokipa kivinjari, inayokataa kila kitu usichokitaja kwa jina. Watu wa masoko watakuomba takwimu. Wape za ukurasa wa mbele.

Nije kwenye TURN, sehemu iliyonigharimu fedha. Mitandao yetu ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, ile namba ya utambulisho mtandaoni, na ofisi na hoteli nyingi hufunga UDP, njia ya haraka ambayo video huipendelea. Programu inayofanya kazi vizuri kwa Wi-Fi ya nyumbani kwako inagoma pale mmoja yuko kwenye data ya simu na mwenzake yuko ofisini. Inabidi kuwe na seva ya kupokezana pakiti, na hiyo ndiyo TURN. Haioni kilichomo: ni kama bahasha unayomkabidhi kondakta wa basi la Mbeya, anaifikisha ikiwa imefungwa. Nilisimika coturn, programu huria ya seva ya TURN, na kwa haraka niliyokuwa nayo nikaweka jina na nywila ndani ya JavaScript, ambamo yeyote anayefungua chanzo cha ukurasa anavisoma. Haukupita mwezi, seva ikawa inapitisha data usiku wa manane, kituo kimefungwa, washauri wamelala. Bili ikaja mara tatu ya kawaida. Watu nisiowajua walikuwa wameigeuza kuwa njia yao ya bure.

Dawa imo ndani ya coturn yenyewe, inaitwa use-auth-secret. Jina la mtumiaji linakuwa ni saa ya kuisha muda pamoja na kitambulisho chake, na nywila ni HMAC, muhuri wa kihisabati, ya jina hilo kwa siri inayojulikana na seva zako mbili tu, ya programu na ya TURN. Za kwangu zinaishi saa moja. Halafu zuia seva hiyo isipeleke pakiti ndani ya mtandao wako. Mwaka 2020 watafiti wa Enable Security walieleza jinsi seva ya TURN ya Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, ilivyoweza kutumiwa kufikia huduma za ndani za kampuni. Kwenye coturn tumia denied-peer-ip, uorodheshe anwani zote za ndani: zinazoanza na 10, na 192.168, na 127, zile za 172.16 hadi 172.31, na usisahau 169.254, ambako watoa huduma za wingu huweka taarifa nyeti za mashine, pamoja na ndugu zao wa IPv6, mfumo mpya wa anwani. Mwisho, iweke pia kwenye mlango wa mtandao (port) namba 443 kwa TLS, usimbaji uleule wa HTTPS, kwa sababu huo hoteli hazifungi.

TURN ina faida nyingine ninayoithamini zaidi ya zote. Simu ikiunganishwa moja kwa moja, kila upande unaweza kuiona anwani ya IP ya mwenzake, nayo hudokeza mtandao anaotumia na pengine mji alipo. Mwanamke aliyekimbia nyumbani kwa kipigo hapaswi kuacha dokezo hilo kwa mtu yeyote. Ukiweka iceTransportPolicy kuwa "relay", kila pakiti inapita kwenye TURN na anwani haionekani upande wa pili. Kwa ushauri nasaha tumeiweka kwa wote. Inaongeza gharama ya seva na kuchelewa kidogo, hasa seva ikiwa Ulaya, kwa hiyo tulihamia Johannesburg.

Simu inayokatikakatika nayo ni tundu la usalama. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, video zetu zilikufa. Washauri walifanya nini? Walipiga simu za kawaida kwa namba zao binafsi, kwa huruma kabisa, na wagonjwa wakabaki na namba za washauri kwenye orodha ya simu zilizoingia. Tangu hapo picha ikishindwa programu inaizima yenyewe na sauti inabaki. Opus, kodeki ya WebRTC, yaani mbinu yake ya kubana sauti, inasikika vizuri hata kwa kilobiti 20 kwa sekunde.

Ukiongeza watu wa tatu na wa nne, mambo yanabadilika, na hapa nakuomba uwe mkweli. Simu ya kikundi kwa kawaida hupita kwenye seva ya kusambaza video, na seva hiyo hufungua usimbaji wa kila mtu kabla ya kuwatumia wengine. Bado ni salama njiani, lakini mwenye seva anaweza kuona. Usiandike "kutoka mwisho hadi mwisho". Novemba 2020 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Zoom baada ya kuituhumu kwamba iliwaahidi watumiaji usimbaji wa aina hiyo ambao haukuwapo. Njia ya kuufanya kweli ipo, SFrame, iliyochapishwa kama waraka wa viwango vya intaneti, RFC 9605, mwaka 2024, ambamo kivinjari kinasimba mara ya pili kwa ufunguo ambao seva haina. Kama huna muda wa kuisimamia vizuri, waambie watu ukweli wa ulichonacho.

Kurekodi, ushauri wangu ni mfupi: usirekodi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti. Kituo kilipotaka rekodi "kwa ajili ya mafunzo" nilikataa kuandika kodi hiyo, na leo ningekataa tena.

Limebaki moja, na ndilo linalonitisha kuliko yote: maiki inayofunguka kabla mtu hajapokea. Januari 2019 ilibainika kwamba kwenye simu za kikundi za FaceTime mpigaji aliweza kumsikia mtu ambaye bado simu yake inaita, na Apple wakaifunga huduma hiyo hadi ilipotengenezwa. Miaka miwili baadaye Natalie Silvanovich wa Project Zero, timu ya Google inayosaka kasoro za usalama, alichapisha makosa ya ukoo huohuo aliyoyakuta kwenye programu tano, zikiwemo Signal na Facebook Messenger. Chanzo ni hamu yetu ya kufanya simu iunganike haraka, tukatayarisha sauti mapema huku mtu hajabonyeza kitufe. Kwenye kodi yangu getUserMedia, amri inayofungua kamera na maiki, inaitwa baada ya kidole kugusa "Pokea". Sekunde moja inapotea, na sijapata mgonjwa aliyeilalamikia.

Kila Ijumaa jioni, kabla ya kupandisha toleo jipya, naweka simu mbili kwenye vyumba viwili vya nyumba yangu. Pembeni ya moja nawasha redio. Napiga, siipokei, nakaa chumba cha pili na spika za masikioni kwa dakika nzima nikisikiliza. Kisha nachukua linki ya miadi ya jana, naibonyeza kwa simu ambayo haijawahi kuingia kwenye mfumo, na nasubiri hadi ukurasa uniambie kwamba miadi hiyo imekwisha.