Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni

Pole dada, umeuliza kuhusu mama, mkulima wa mwani huko Kisiwa Panza, Pemba, anayeumwa kiuno hadi mguuni na aliyeambiwa alale kitandani mwezi mzima; mpe pole. Maumivu yanayotoka kiunoni, yakapita takoni mpaka unyayoni, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye pingili za chini za mgongo. Huo ushauri wa kulala mwezi mzima asiufuate, utamkakamaza. Atembee kidogo kidogo, hata uani tu, na usiku alale ubavu na mto katikati ya magoti. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 4 hadi 12.

Kinachomtesa ni kazi ya mwani: kuinama muda wote maji ya bahari yakitoka, kisha gunia bichi kichwani! Gunia abebewe. Mbegu za mwani azifunge kwenye kamba akiwa amekaa kitini, si kujikunja mkekani. Kukandwa kwa mafuta ya nazi vuguvugu sawa, ila mgongo usikanyagwe. Akiwa na presha au vidonda vya tumbo, asinywe diklofenaki (dawa ya maumivu) bila kumuuliza daktari.

Akishindwa kuzuia mkojo au choo, akifa ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea, msingoje asubuhi, mvusheni mara moja hadi Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani.