Maswali na Majibu: Mbwa Aliyevishwa Koti la Kazi

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Mwanangu ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii inayotoka Miami. Ananiambia kuna abiria wanaopanda na mbwa waliovishwa koti linalosema ni mbwa wa kazi, lakini wanabweka usiku, wanakojolea zulia, na mmoja nusura amng'ate alipoingia kutandika kitanda. Msimamizi wake anasema sheria ya Marekani hairuhusu kumuuliza mwenye mbwa chochote. Ni kweli? Na mtoto ajilinde vipi?
*Mzazi, Soweto, Mbeya*

JIBU: Nzuri, mzazi. Msimamizi huyo yuko sahihi nusu tu. Sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, ya 1990, inakataza kudai cheti, kuuliza mtu anaumwa nini, au kutaka mbwa aonyeshe kazi yake papo hapo. Lakini pale ambapo kazi ya mbwa haionekani kwa macho, maswali mawili yanaruhusiwa. La kwanza: mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? La pili: amefundishwa kufanya kazi gani?

Hilo la pili ndilo chujio. Mtu akijibu kwamba mbwa humgusa kwa pua sukari yake inaposhuka, hiyo ni kazi. Akisema humshtua mlango unapogongwa kwa kuwa yeye hasikii, hiyo pia ni kazi. Hata mbwa aliyefundishwa kumkumbusha mgonjwa wa akili kumeza dawa ana kazi. Lakini "nikiwa naye moyo unatulia" si kazi aliyofundishwa. Huyo ni mbwa wa faraja, na sheria hiyo haimhesabu kuwa mbwa msaidizi. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria hii inazigusa pia meli za kitalii zenye bendera za nchi nyingine zikiwa kwenye maji ya Marekani, kwa hiyo bendera ya meli haiwi kisingizio.

Kwa nini watu wadanganye? Kwa sababu meli nyingi za kitalii hazipokei wanyama wa kufugwa kabisa. Queen Mary 2, inayovuka Atlantiki kati ya Southampton na New York, ina vibanda 24 vya mbwa na paka, lakini vinalipiwa na hujaa mapema. Mbwa msaidizi halipiwi. Basi mtu ananunua koti mtandaoni, anaongeza na cheti chenye muhuri wa dhahabu, safari imeiva. Marekani haina daftari la taifa la mbwa wasaidizi, kwa hiyo cheti hicho hakina uzito wowote kisheria. Koti nalo si sharti: mbwa halisi anaweza kutembea bila koti na wa bandia akawa nalo. Wala wahudumu wasiangalie udogo wa mbwa, maana kijibwa cha kilo nne kinaweza kuwa kimefundishwa vizuri kuliko jibwa la kilo arobaini. Florida, jimbo lenye bandari ya Miami, limefanya kumpitisha mbwa wa kawaida kama msaidizi kuwa kosa la jinai.

Kwenye ndege nako mchezo huu umebanwa. Tangu Januari 2021 mashirika yanayoruka kwenda na kutoka Marekani yanaruhusiwa kumchukulia mbwa wa faraja kama mnyama wa kawaida na kumtoza nauli.

Sasa tabia, ambako ndiko meli ina nguvu. Hata mbwa msaidizi wa kweli anaweza kuondolewa kwa sababu mbili: hatawaliki na mwenyewe hachukui hatua, au hajafundishwa kujisaidia mahali pake. Kubweka mara moja kwa kukanyagwa mkia hakuhesabiki. Woga wa mhudumu au mzio wa abiria wa jirani si sababu. Mbwa anatakiwa awe kwenye kamba, isipokuwa kamba inapozuia kazi yake au ulemavu wa mwenyewe. Haachwi peke yake chumbani, hakai kwenye kiti cha mezani, haogi kwenye bwawa. Akiondolewa, mwenyewe bado ana haki ya kuendelea kuhudumiwa bila mbwa.

Zulia linachafuka kwa sababu inayoeleweka. Kwa haja ya mbwa, meli huweka kisanduku cha mraba wa kama mita 1.2 chenye vipande vya mbao au nyasi bandia. Mbwa aliyezoea majani ya uani anakinusa na kukikataa. Hujizuia saa kumi, kumi na mbili, halafu humwaga koridoni mbele ya lifti. Ongeza mtikisiko wa injini, sakafu inayoyumba na njia nyembamba ambamo hana pa kumkwepea mbwa mwenzake, ndipo utaelewa hata mpole wa nyumbani anavyogeuka. Mwenye mbwa anayejua anachofanya huanza wiki kadhaa kabla ya safari: kisanduku uani, vipande vya mbao, neno moja la amri lisilobadilika, na zawadi mara tu mbwa anapomaliza.

Kijana wako agonge mlango mara tatu, ajitambulishe, asubiri. Akisikia mbwa na hakuna mtu anayejibu, asiingie. Aandike muda na namba ya chumba, kisha ampe taarifa msimamizi. Akiwa ndani asimkodolee mbwa macho, asimwinamie, na asipite kati ya mbwa na mwenyewe. Abaki na kikapu cha mashuka mbele ya miguu. Kila tukio aliandike kwa vitendo: "saa 2:40 usiku, mbwa amekojoa mbele ya lifti, mwenyewe amepita bila kusafisha". Sentensi kama hiyo inamsaidia msimamizi. "Mbwa huyu ni feki" haimsaidii mtu, na inaweza kumgharimu kijana kazi. Kumlisha au kumtembeza mbwa si wajibu wa mhudumu, hata mgeni aombe kwa upole na bakshishi mkononi.

SWALI: Nina gesti ndogo. Mgeni kutoka Marekani ameomba chumba siku nne na ametuma cheti kwamba mbwa wake ni wa faraja. Anasema sheria inanilazimisha kumpokea bure, na anataka kwenda naye Ruaha. Nifanyeje?
*Mwenye gesti, Gangilonge, Iringa*

JIBU: Sheria ya Marekani haivuki bahari pamoja na mbwa. Na hata huko kwao cheti hicho hakimlazimishi mwenye hoteli. Uamuzi ni wako.

Tofautisha hata hivyo. Akija asiyeona na mbwa wa kumwongoza, mpokee bila kutoza nyongeza. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inayokataza ubaguzi, na kumtenganisha mtu na macho yake ni ubaguzi kwa jina lolote utakaloliita.

Kwa mgeni huyu, ukiamua kumpokea, patana kabla hajafika, kwa maandishi: kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na muda, amana ya uharibifu, mbwa kutoachwa peke yake chumbani, na sehemu maalumu ya kujisaidia uani. Mpe chumba cha chini chenye sakafu ya vigae, mbali na jiko.

Ruaha asahau. Mbwa wa kufugwa haingii hifadhi ya taifa, na katazo hilo lina sababu. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaotokana na mbwa, homa ya distempa, uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba. Ruaha ina simba wengi, na ina mbwa mwitu ambao ni wa familia moja na mbwa wa nyumbani. Mwambie mapema, asije akagundua langoni baada ya kutoka Iringa zaidi ya kilomita mia moja. Na usikubali kubaki na mbwa wake wakati yeye anatazama tembo, labda kama una banda lenye uzio na mtu wa kumwangalia, na umetaja bei.

Mkojo ukimwagika kwenye zulia, kausha kwanza kwa taulo kavu ukikandamiza, usisugue. Mimina maji baridi, kausha tena. Kisha changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, acha dakika kumi na tano, kausha, nyunyiza magadi ya kuokea, acha hadi asubuhi na ufagie. Maji ya moto yanaishindilia harufu ndani ya nyuzi. Dawa ya klorini usiiguse: ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma koo, na ikikutana na hiyo siki ni mbaya zaidi.

SWALI: Shikamooni. Mjomba wangu macho yamefifia sana. Tuna mbwa wa kienyeji wa mwaka mmoja, mwerevu kweli. Je, naweza kumfundisha amwongoze mjomba mpaka sokoni?
*Mpwa, Tukuyu*

JIBU: Marahaba, kijana. Kumwongoza barabarani, hapana, na tunasema hivyo kwa usalama wa mjomba. Shule za mbwa waongozaji, kama The Seeing Eye ya Marekani iliyoanza 1929, humlea mbwa kwenye familia hadi apite mwaka mmoja, kisha humfundisha kwa miezi kadhaa chini ya walimu wa kazi hiyo, na bado wengi hawafuzu. Kinachowashinda ni kukaidi kwa akili: bwana akiamuru "twende" huku gari linakuja, mbwa akatae. Hilo halifundishwi uani. Tukuyu kuna ukungu, utelezi, bodaboda wasiopiga honi, na mbwa wa mitaani watakaomvamia mbwa wenu akiwa kazini. Mbwa mwongozaji akishambuliwa mara moja tu anaweza kuharibika kwa kazi moja kwa moja. Ndiyo maana vijibwa vya makoti vinawaudhi sana wasioona huko melini.

Mjomba apate fimbo nyeupe inayofika kwenye mfupa wa kifua anaposimama, na mtu wa kumfundisha kuitumia. Mpeleke pia kwa daktari wa macho, kwa sababu mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na huenda tatizo ni hilo.

Mbwa naye ana kazi nyumbani. Anza na mkeka. Tandika gunia lililokunjwa, mbwa akilikanyaga mpe kipande cha nyama ukubwa wa punje ya hindi. Akishalielewa, subiri alale ndipo umpe. Siku ya kwanza sekunde tano, ukiongeza taratibu hadi dakika ishirini. Mazoezi yawe ya dakika tano, mara tatu kwa siku, kabla hajala. Kosa la wengi ni kuongeza muda na kelele kwa pamoja. Ongeza kimoja, kingine kibaki. Akimudu, hamia barazani, kisha kando ya kibanda cha chipsi. Akilala pale kwa dakika kumi bila kuinuka wala kulia, umepata mbwa mwenye adabu kuliko wengi wenye koti. Baada ya hapo mfundishe kumletea mjomba fimbo ikianguka, na kubweka mara moja mgeni akifika. Usimpige. Mbwa anayepigwa hujifunza kuogopa mkono, na mkono unaonyooshwa nyumbani kwenu mara nyingi utakuwa wa mtu anayepapasa.

SWALI: Mwanangu wa miaka sita ameng'atwa mkononi na mbwa wa mgeni hapa mtaani. Mgeni anasema mbwa amefundishwa na ana koti, tusiwe na wasiwasi. Tusubiri?
*Mama, Makambako*

JIBU: Msisubiri, mama. Koti si chanjo. Osheni kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili kwa saa. Msipake majivu wala mafuta ya taa, na msikifunge kwa kubana. Mpelekeni hospitali leo hii akachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Akichomwa kwenye ngozi, sindano ni siku ya 0 (yaani siku ya sindano ya kwanza), 3 na 7. Zikichomwa kwenye msuli ni siku ya 0, 3, 7 na ya mwisho kati ya siku ya 14 na 28. Kidonda kikiwa kimepenya ngozi, ulizeni pia kuhusu kingamwili inayodungwa kwenye kidonda chenyewe, pamoja na chanjo ya pepopunda.

Mgeni aonyeshe kadi ya chanjo ya mbwa kwa bwana mifugo, na mbwa afungwe na kuangaliwa siku kumi bila kuuawa. Lakini sindano za mtoto zianze bila kungoja hizo siku kumi. Daktari ataamua kuzisimamisha mbwa akibaki mzima. Kadi ya mtoto itunzeni. Akimaliza dozi zote kisha akang'atwa tena miaka ijayo, atahitaji sindano mbili tu, siku ya 0 na 3, na kadi hiyo ndiyo itakayomthibitishia daktari.