Mbao za chini za ukuta zimeoza? Tafuta kwanza maji yanatoka wapi

Ndugu yangu umesema nyumba ya mamako mbao za chini za ukuta wa nje zimeoza upande wa nyuma na fundi anataka kupiga mabati juu yafunike. Tafadhali usikubali. Mabati yatafungia unyevu ndani, hutaona chochote, na siku utakayoyatoa utakuta hata nguzo za ndani ya ukuta zimekwisha.

Mimi hii nimeipitia na nyumba ya shosho Elburgon, nyumba ya saipresi ya zamani. Tulibadilisha mbao tatu za chini, tukapaka rangi ikapendeza, misimu miwili ya mvua ikapita zikawa laini tena kama mkate uliochovywa kwa chai. Mbao tulibadilisha lakini maji tuliyaacha palepale.

Kwa hivyo subiri mvua inyeshe, simama nje uangalie. Sisi tuliona paa halina gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, maji yanaanguka chini yanaruka yanapiga ukuta, na udongo wa ua kwa vile unafagiliwa na kulimwa miaka na miaka ulikuwa umepanda mpaka ukagusa ubao wa kwanza. Ubao ukigusa udongo hauna maisha. Tukachimba tukashusha udongo kama futi moja, tukaacha mteremko wa maji kwenda mbali, tukamwaga kokoto na kuweka gata. Ile kazi ya jembe ndiyo iliyookoa nyumba, si msumeno.

Halafu chukua bisibisi uchokoe kila ubao, hasa kwa maungio na chini ya madirisha, hata ule rangi yake bado inang'aa. Bisibisi ikizama bila nguvu huo umeoza. Ukiona mirija ya udongo inapanda ukutani hiyo ni mchwa, tia dawa kwanza ndio uguse mbao. Na ukishafungua ukuta chokoa nguzo pia, kwa sababu ile nguzo ya inchi mbili kwa nne ikiwa imeoza haitashika msumari, utapiga leo kesho ubao unaning'inia.

Kutoa ubao ndipo wengi wanaharibu. Mbao zimelaliana, wa juu umefunika ukingo wa wa chini, sasa mtu akivuta tu kwa nguvu anapasua ule mzima wa juu. Piga kabari ndogo chini ya ubao wa juu uachane kidogo, ingiza blade ya msumeno wa kukatia chuma ukate misumari kwa ndani, utaona ubao unateremka wenyewe. Kama umeoza kipande tu kata ile sehemu, lakini mkato uishie katikati ya nguzo ndio ncha zote mbili zipate pa kupigiliwa.

Mbao mpya usinunue mbichi ukapiga siku hiyohiyo. Itakauka ukutani ijikunje ipasuke. Najua mbao zilikuwa ghali sana tangu ukataji wa miti misituni ulipopigwa marufuku Kenya 2018 na watu wakazoea kuchukua chochote kinachopatikana, lakini zipange kwenye kivuli na vijiti katikati hewa ipite, wiki kadhaa, hata zaidi kama kuna baridi.

Kabla ya kupiga, paka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, pande zote, nyuma pia, na ncha ulizokata paka mara mbili maana ubao hunywa maji kwa ncha kuliko mahali pengine popote. Misumari iwe ile ya zinki isiyoshika kutu, na uipige juu kidogo ya pale mbao zinapolaliana, usishone mbao mbili pamoja kwa msumari mmoja, zinatanuka na kusinyaa kila moja kivyake, ukizifunga zinapasuka. Oili chafu ya gari watu wanapenda sana kuipaka mbao lakini ukishaipaka rangi haishiki tena, na moto ukitokea inawaka vibaya. Pale mama analala mimi siwezi.

Pima kutoka kwa udongo mpaka ubao wa kwanza uniambie ni inchi ngapi, na kama kuna gata huo upande wa nyuma. Chini ya inchi sita anza na jembe kesho asubuhi.