SHANGAZI NIJIBU: Bibi ninayemhudumia analilia ua wa zamani

Shikamoo shangazi. Mi nipo Birmingham huku Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kuna bibi mmoja wa miaka 84, kila Jumanne lazima tufue, hata iwe taulo moja, nikimwambia tungoje zijae anakasirika kabisa. Afu anapenda kunisimulia walivyokaa watoto saba kwenye nyumba isiyo na mlango wa nyuma, choo kipo uani wanashea na majirani, na mara nyingi anaishia kulia. Binti yake akiwepo anamwambia mama achana na hayo, ile ilikuwa slam, yani makazi duni. Sasa shangazi, nyumba gani haina mlango wa nyuma? Na nimwache aendelee au nimbadilishie stori?

Msomaji, Birmingham

Marahaba mwanangu. Hizo nyumba nazijua, mji huo nimeukaa. Zilijengwa za wafanyakazi wa viwandani, nyumba mbili zinagawana ukuta mmoja wa nyuma, moja inatazama barabara na nyingine inatazama ua wa ndani, ndo maana hakuna mlango wa nyuma, huko nyuma kuna jirani. Madirisha upande mmoja tu, hewa haipiti. Nyingi zilikuwa chumba kimoja chini, kimoja juu yake, kingine juu tena, basi. Manispaa ilikataza kujenga mpya 1876 lakini zilizokuwepo watu waliendelea kupanga, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Birmingham peke yake zilikuwa zaidi ya elfu 40.

Kwaiyo binti yake hajadanganya. Kunguni ukutani, unyevu, watoto wanalala kitanda kimoja wengine kichwani wengine miguuni, na usiku wa baridi kwenda choo cha uani sio mchezo.

Lakini hiyo Jumanne sasa. Uani kulikuwa na chumba cha kufulia cha wote, wenyewe wanakiita brewus, ndani kuna sufuria kubwa limejengewa matofali na moto unawaka chini yake, na kila nyumba ina siku yake. Mama anaamka na giza kuwasha moto, watoto wanabeba maji, nguo zinachemshwa, zinapondwa na mti kwenye pipa, afu zinapitishwa kwenye mashine ya mkono ya kukamulia, mmoja anazungusha mpini mwingine anapokea shuka upande wa pili, na siku hiyo kamba zote za uani ni zenu. Ukiikosa siku yako unangoja wiki nyingine, labda jirani akuonee huruma. Mi nahisi kabisa Jumanne ilikuwa siku ya mama yake huyo bibi. Yani wewe unaona taulo moja, yeye anaona zamu ya mama yake inapotea.

Miaka ya 50 na 60 zikavunjwa kwa mitaa, familia nyingi zikahamishiwa pembeni ya mji, kwenye maghorofa kama ya Castle Vale. Bafu ndani, maji ya moto, choo chako mwenyewe, watu walishukuru sana. Ila wale wa ua mmoja, waliojua nani kajifungua na nani hajala, walitawanyika. Analilia hao, halilii choo.

Usimbadilishie stori mwanangu, na binti usibishane naye, nae ana haki yake. Ua mmoja umebaki katikati ya mji, kona ya Inge Street na Hurst Street, umekarabatiwa, National Trust (shirika la kutunza majengo ya zamani) ndo wanauendesha na uko wazi tangu 2004, weka nafasi mapema umpeleke. Ngazi ni nyembamba na zimejikunja, asipande, mkalishe tu pale uani. Na Jumanne ijayo iweke hiyo taulo bila neno, afu muulize yeye alikuwa anashika upande gani, wa kuzungusha au wa kupokea.