Kipeo si kipeuo
Je, "kipeo" na "kipeuo" ni neno moja lenye tahajia mbili? Hapana. Kipeo cha pili ni namba ikizidishwa kwa yenyewe, kipeuo cha pili ni kurudi nyuma: namba gani ikijizidisha inaleta hiyo? Kwa hiyo kipeo cha pili cha 9 ni 81, na kipeuo chake cha pili ni 3. Ile √ ni alama ya kipeuo.

Nafundisha Hisabati darasa la saba, na hiyo "u" moja inawaangusha watoto wanaojua hesabu vizuri kabisa. Inaniuma, maana wakiingia kidato cha kwanza somo linageuka Kiingereza na kosa linawafuata huko.

Kwenye takwimu unavihitaji vyote viwili. Chukua alama za wanafunzi wanne: 3, 3, 7, 7. Wastani ni 5, na kila alama iko mbali nao kwa 2, juu au chini. Ukijumlisha tofauti hizo zilivyo unapata sifuri, ndiyo maana tunachukua vipeo vyake vya pili: 4, 4, 4, 4. Wastani wa hizo ni 4, kipeuo chake 2. Hapo umepima alama zimesambaa kiasi gani. (Data ikiwa ni sampuli tu, yaani sehemu ya kundi zima, jumla ya vipeo hivyo hugawanywa kwa idadi ya alama kutoa moja.)

Ila angalia: mlinganyo x² = 9 una majibu mawili, 3 na -3. √9 yenyewe ni 3 tu.