Mawindo ya sebuleni: maswali yenu kuhusu paka wa ndani

SWALI: Assalam alaykum. Nina nyau dume wa miaka 2, amehasiwa. Tunaishi ghorofa ya 4 na hatoki nje kabisa. Nimemnunulia panya wa plastiki na mipira ya kengele. Ananusa mara moja, anaondoka. Lakini tangu Ramadhani, ikifika saa 10 alfajiri anakimbia juu ya vitanda na kututafuna vidole vya miguu. Idi imepita miezi 2 sasa. Nifanyeje?
*Msomaji, Tudor*

JIBU: Waalaykum salaam. Sababu umeitaja mwenyewe. Mwezi mzima nyumba yenu iliamka saa 10 kula daku, na bila shaka nyau naye alidondoshewa chake chini ya meza. Daku limekwisha, tumbo lake halina habari. Tena alfajiri na magharibi ndizo saa ambazo paka kwa maumbile yake huwinda. Asipokuwa na cha kuwinda, kidole kinachotikisika chini ya shuka kinamtosha.

Tuanze na hao panya wa plastiki. Kitu kilicholala sakafuni, kwa paka, kimeshakufa. Kinachomvuta ni mwendo. Chukua mwanzi wa sentimita 70 hivi, funga kamba nene ya mita 1 (ya viatu inafaa, uzi wa kushonea haufai kabisa, soma swali linalofuata), na mwisho wake funga kipande cha leso kuukuu upana wa vidole 2, au manyoya ya kuku yaliyochemshwa na kuanikwa juani.

Wengi hukosea hapa: wanampelekea paka kidude mpaka puani. Panya gani anayemfuata paka? Kivute kiende mbali naye, kisimame, kitetemeke kidogo, kisha kipotee nyuma ya mguu wa kochi. Kule kupotea ndiko kunakomwasha. Utaona masikio yameelekea mbele, mboni zimetanuka mpaka jicho limekuwa jeusi, kifua kimelala sakafuni na makalio yanatikisika. Hapo tulia, usivute tena. Mwache aruke mwenyewe, na mara kwa mara mwache akamate, la sivyo atakata tamaa. Ukiwa na ufagio wa chelewa, chomoa chelewa moja uipitishe polepole chini ya mkeka. Ule mkwaruzo huwaamsha hata paka wavivu. Ila isitokeze nje ya mkeka, ncha yake ni kali na jicho liko karibu.

Dakika 10 zatosha: asubuhi, jioni, na mara ya 3 saa 4 usiku kabla hamjalala. Dakika 2 za mwisho punguza mwendo, kama windo linalochoka. Akishakamata na kutafuna, hapohapo mwekee chakula. Paka akiwinda hula, akila hujilamba, akijilamba hulala. Ukikatisha mchezo ghafla ukaenda zako, yeye bado yumo mawindoni.

Chakula hicho kitoke kwenye posho yake ya siku, kisiwe nyongeza. Paka wa kilo 4 anayekula chakula kikavu kwa kawaida hutosheka na gramu 50 hadi 60 kwa siku (soma pakiti yako, chapa hutofautiana), na aliyehasiwa hunenepa upesi kwa kuwa njaa huongezeka ilhali mwili unatumia nguvu kidogo. Gramu 20 za usiku zitawanye kwenye vishimo vya trei ya mayai, azichokoe kwa mguu. Akianza kutafuna trei yenyewe, iondoe.

Saa 10 akija, usiamke, usimpige, usimkemee. Hata kukemewa kwake ni faida, maana umeamka. Siku za mwanzo atazidisha vurugu, kwa sababu njia yake ya zamani imegoma naye anaisukuma kwa nguvu zaidi. Wengi husalimu amri siku ya 4 wakaamka na sahani, na paka akajifunza kwamba dawa ni kuvumilia siku 4.

Na kwa kuwa mko ghorofani: wavu wa mbu wa plastiki haumzuii paka anayemrukia kunguru dirishani. Weka wa waya, uliopigiliwa kwenye fremu.

SWALI: Watoto wangu humchezesha paka kwa uzi wa cherehani, na kaka yao ana ile taa ya leza yenye nukta nyekundu. Kuna madhara?
*Mama wa watoto 3, Majengo*

JIBU: Uzi uondoe leo, mama. Ulimi wa paka una vijimiba vilivyoelekea kooni, kwa hivyo kinachonasa humo ni vigumu kukitema, humezwa tu. Ncha moja ikinasa, mara nyingi chini ya ulimi, utumbo unaendelea kuuvuta upande wa pili mpaka unajikunja kama kiuno cha suruali ya kamba, na uzi huweza kuukata. Dalili ni kutapika, kukataa chakula na kujificha. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Hata ule mwanzi wa kamba tulioutaja juu, ukimaliza kucheza ufungie kabatini.

Leza si sumu, lakini nukta haikamatiki, na baadhi ya paka huishia kufukuza vivuli ukutani. Kijana akiitumia, isizidi dakika 2 au 3, isimulike macho ya mtu wala ya paka, na mwisho nukta itue juu ya kipande cha kuku kilichochemshwa bila chumvi, ili apate cha kukamata.

SWALI: Paka wangu akicheza kidogo tu anahema mdomo wazi. Ni joto?
*Msomaji, Bamburi*

JIBU: Huenda, hasa Februari na Machi mkicheza mchana. Hamishia mchezo alfajiri au baada ya Magharibi, chini ya feni. Lakini paka si mbwa, kuhema hivyo si kawaida yake. Simamisha mchezo. Asipofunga mdomo ndani ya dakika chache, au ikimtokea hata kukiwa na baridi, huenda ni moyo au pumu, na hilo ni la daktari. Usiku akiwa usingizini hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa sekunde 30, uzidishe kwa 2. Ikizidi 30 siku 2 mfululizo, mpeleke.