Umekabidhiwa kusimamia ufundishaji kitivo cha elimu? Anzia kwenye mitihani

Kuna wenzangu wamepewa majukumu majuzi, mmoja kawa mkuu wa idara, mwingine mratibu wa ufundishaji na ujifunzaji kwenye kitivo chao cha elimu, na wote wananiuliza swali hilohilo, naanzia wapi? Maana barua ya uteuzi inakupongeza tu, kazi yenyewe ikoje hakuna anayekuambia. Mi nimekaa kwenye hicho kiti muda wa kutosha, sa niseme nilivyoona.

Usianze na warsha. Najua ndo kitu cha kwanza kila mtu anafikiria, semina ya mbinu shirikishi, mwezeshaji anakuja na projekta, chai, posho, picha ya pamoja. Ila hebu fikiria, kwenye kitivo cha elimu wanaokaa kwenye viti vya hiyo warsha ndo haohao wanaofundisha kozi ya mbinu za kufundishia, sa unawaambia nini wasichokijua? Mtu anajua kila kitu kuhusu kumshirikisha mwanafunzi alafu anaingia ukumbini anasoma slaidi 60 kuhusu kumshirikisha mwanafunzi. Elimu anayo. Shida ni kwamba ana darasa la watu mamia, ana kozi tatu, na siku ya kuomba kupandishwa cheo ataulizwa machapisho, hakuna atakayemuuliza darasani kulikuwaje.

Anzia kwenye mitihani. Omba karatasi za UE (mitihani ya mwisho ya chuo) za miaka kadhaa nyuma, kaa nazo wikiendi nzima kimyakimya. Mimi kwenye kozi ya upimaji nilikuta swali linataka mwanafunzi ataje na kueleza ngazi sita za Bloom, zile zinazopanga kazi za akili kutoka nyepesi kwenda nzito. Jamani, Bloom na wenzake walitoa zile ngazi mwaka 1956, na kukumbuka wakakuweka chini kabisa, sisi tunachukua ngazi zilezile tunamwambia mwalimu mtarajiwa akariri. Na swali linarudi mwaka hadi mwaka, ndo maana madesa (notsi za kukopi) yenye majibu yanapatikana stationery yoyote karibu na geti, na mwanafunzi mwenye akili zake timamu akiona hivo kwa nini aje saa moja asubuhi? Ukisikia watu kwenye kikao wanalalamikia mahudhurio, kaangalie mtihani wao kwanza.

Tulichofanya tukachukua andalio la somo, Baiolojia kidato cha pili, lengo linasema mwanafunzi aeleze jinsi chakula kinavyomeng'enywa, alafu zoezi la mwisho linasema chora mfumo wa mmeng'enyo na utaje sehemu zake. Swali likawa, lengo na zoezi vinakutana wapi, na we ungerekebishaje? Basi. Hilo huwezi kulijibu kwa desa. Kwenye kikao cha moderesheni, kile cha kupitia maswali kabla ya mtihani, watu walinuna kidogo kwa sababu kusahihisha kunachukua muda, huwezi kupita na tiki tu, na kwakweli walikuwa na haki, kwa hiyo punguza idadi ya maswali usiwaongezee mzigo.

Kingine ni microteaching, yale mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe chuoni. Hapa ujue tulikotoka, DUCE na MUCE, vyuo vya elimu vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilianzishwa 2005 wakati sekondari za kata zinafunguliwa kila kona na walimu hawatoshi, na tangu enzi hizo madarasa ya ualimu yakawa makubwa na hayajawahi kurudi kuwa madogo. Sa unakuta mwanafunzi anafundisha wenzake dakika kumi, anauliza "are we together?", wenzake wanaitikia "yeees", anaendelea, na maoni baada ya hapo ni yaleyale siku zote, sauti nzuri, umejiamini, boresha matumizi ya ubao. Futa hayo maoni yote. Acha swali moja tu, nani hapa angekuwa hajaelewa na umemjuaje? Mara ya kwanza darasa linakaa kimya kabisa. Wiki ya tatu ya nne hivi wanaanza kuandaa maswali ya kuuliza badala ya kuandaa maneno ya kusema, na ile lugha nayo inapungua makali, maana mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili akilazimika kuhutubia dakika kumi kwa Kiingereza atasoma notsi tu, ila swali moja fupi la Kiingereza analimudu. Wakati wa kuandaa waache wajadiliane kwa Kiswahili, usiwe polisi.

Ma-TA (wahitimu tunaowaajiri kufundisha semina) wanahitaji jicho lako kuliko maprofesa. Tunawachukua kwa GPA, 3.8 kwenda juu, na kesho yake tunamkabidhi semina nane. Mweke kwanza kwa mtu anayefundisha vizuri (anajulikana, waulize ma-CR, wale viongozi wa darasa, watakutajia bila kufikiri) akae naye muhula mzima.

Na TP, mafunzo ya vitendo mashuleni, ile miezi ya Julai mpaka Septemba, msiache fomu zikaingia kabatini. Wahadhiri wanarudi kutoka mikoani wameona mambo mazito, darasa lina wanafunzi 90 vitabu vitano, mtu wetu kafundishwa kupanga vikundi vya watu wanne anashindwa pa kuanzia. Waite wakiwa bado na vumbi, wiki ileile, waseme walichoona, na aandikwe nani atabadilisha nini kwenye kozi yake. Mkingoja mpaka muhula uanze kila mtu kashasahau, anakumbuka barabara tu.

Idara za masomo, zile za hesabu na historia ambazo ndo zinawafundisha wanafunzi wetu nusu ya kozi zao, utagombana nazo tu, hilo halina dawa, nenda kanywe chai nao mara kwa mara.

Alafu ratiba. Kaa na anayepanga ratiba kabla haijatoka, pigania microteaching isiwekwe Ijumaa saa saba mchana, maana saa hiyo nusu ya darasa wako msikitini na nusu nyingine washapanda daladala.